Siku Nne za Ndege Wasiopita

Habari za kifo chake zilinikuta kwenye kiti cha kinyozi, nusu ya kichwa ikiwa imenyolewa na nusu bado. Simu iliita, nikaona ni mama mwenye nyumba wangu wa zamani wa Lufingo, bibi ambaye hapigi simu ovyo. “Gwe mwalimu, ugonile?” akaanza, na kabla sijajibu salamu akasema, “Lafiki yako Bwana Mifugo ametuacha alfajili. Tunamzika kesho kutwa. Njoo, maana hapa hana ndugu.” Nilitaka kusimama, lakini mtu hawezi kuingia barabarani na nusu kichwa. Nikakaa hapo, kitambaa shingoni, mashine ikinguruma sikioni, machozi yananitoka na kinyozi ananiuliza kama sabuni imeniingia machoni. Nilimwambia ndiyo.

Msomaji wangu wa siku nyingi anajua kwamba safu hii haina mazoea ya kuomboleza wakubwa. Wakubwa wana watu wao wa kuwaandikia. Huyu hakuwa mkubwa, na jina lake sitalitaja, kama ambavyo sitaji jina la mtu hapa. Alikuwa bwana mifugo, mtumishi wa ngazi ya chini kabisa, na kwa miaka yote niliyomfahamu alitaka jambo moja tu: kurudi kwao Singida kwa mke na binti yake. Hakurudi. Sababu ya kutorudi ninaijua, nimeificha miaka mingi, na leo nimeamua kuitoa.

Nilifika Tukuyu nikiwa mwalimu kijana, ajira yangu ya kwanza, katika miaka ile ambayo nchi ilikuwa inabadili gia. Maduka yaliyokuwa matupu yalianza kujaa, mitumba ikamwagwa sokoni kila siku ya gulio, na kila mkutano tuliambiwa kwamba serikali haitabeba tena kila kitu, watu wajitegemee. Nilipanga chumba kwa huyo mama huko Lufingo, nje ya mji, na chumba cha pili alikuwapo yeye, mtu mzima kunizidi miaka kama kumi hivi, mrefu, mwenye shati jeupe lililofungwa vifungo mpaka juu. Alikuwa ameletwa kusimamia josho la ng’ombe. Dawa ya josho zamani ilitoka serikalini. Sasa serikali ikasema wafugaji wanunue wenyewe, na wafugaji wakasema watanunua mwezi ujao. Josho likakauka, likaota majani, vyura wakahamia. Lakini yeye alikuwa bado mwajiriwa, kwa hiyo kila asubuhi alifungua ofisi, akakaa mezani mpaka mchana, akafunga. Kila mwaka aliomba uhamisho, na kila mwaka jibu lilikuwa kwamba maombi yake yanashughulikiwa.

Na ile mvua! Anayeijua Rungwe haulizi. Ukungu unashuka mlimani kabla ya chai ya saa nne, unaingia mpaka jikoni, nguo zinakaa kambani siku tatu. Sisi wageni tulikuwa tunajisikia kama tumefungiwa ndani ya blanketi bichi. “Kwetu mvua ikinyesha watu wanatoka nje kuitazama,” aliniambia siku moja tukiwa tumekaa barazani. “Hapa, mwalimu, nimeshasahau kivuli changu kinafanana vipi.” Nilicheka. Yeye hakucheka.

Kilichomshika asipasuke ni ndege. Miaka michache kabla sijafika, alikuja mtafiti mgeni akitafuta mtu wa kumsaidia kuhesabu ndege wawindaji wanaopita pale kila mwaka, wanapokimbia baridi ya kwao kaskazini kuelekea kusini: vipanga, kozi, tai wa aina mbili tatu. Wanaanza kuonekana Oktoba mvua zikikaribia, wanashika ukingo wa milima kwa sababu hapo ndipo hewa ya moto inapanda kutoka mabondeni na kuwabeba bila wao kupiga mabawa. Mgeni alimfundisha kuwatambua kwa umbo la bawa na namna ya kukunja mkia, akamwachia darubini na madaftari, akaahidi kurudi. Alirudi misimu miwili, halafu ufadhili ukakatika, barua zikakatika. Mwingine angeuza darubini. Bwana Mifugo aliendelea kupanda kile kilima cha nyuma ya nyumba, kila siku ya msimu, kuanzia jua linapopata nguvu mpaka linapolegea. Ofisi aliifunga kwa kufuli na hakuna aliyelalamika, kwa kuwa hakuna aliyekuwa anakwenda.

Alikuwa na utaratibu wake. Mfuko wa kulia aliweka maharage, na kila ndege kumi wakipita alihamisha harage moja kwenda mfuko wa kushoto bila kuondoa jicho kwenye darubini, kwa sababu alisema ukitazama chini kuandika, kundi linakupita. Jioni alihesabu maharage ya kushoto, akaandika. Mimi nilimtania kwamba ni yeye peke yake Tanzania nzima anayepika hesabu. Nikawahi pia kumwambia maneno ambayo kila mtu angeyasema, kwamba bila shaka anawaonea wivu ndege wale kwa uhuru wao. Alikasirika kweli. “Uhuru gani? Hawa wamefukuzwa na njaa,” alisema. “Upepo ukiwanyima, hawaendi popote. Wanakaa mtini wanalowa, na matumbo matupu. Usiwasingizie raha ambayo hawana.” Tangu hapo nikaacha kumletea falsafa.

Kulikuwa na msimu mmoja ambao nusura wampige. Ndiyo miaka hiyo ambayo mashirika ya umma yalikuwa yanauzwa, na neno mwekezaji lilikuwa linasemwa vijijini kwa sauti ya chini. Sasa fikiria wewe ni mkulima, una migomba yako na kishamba cha chai, halafu kila siku juu ya kilima kuna mtu wa serikali, mgeni wa mbali, ana darubini, ana daftari, anatazama bondeni na kuandika. Utasemaje? Watu walisema anapima mashamba ya kuuzwa. Siku moja walipanda kwa pamoja, wanaume na wanawake, na aliyekuwa mbele alikuwa mama mwenye nyumba wetu mwenyewe, panga la kukatia migomba mkononi. “Sema, Bwana Mifugo,” akamwambia, “shamba langu umeliandika kwa nani? Mimi nakupa chumba, nakupa ndizi, kumbe wewe unaniuza kwa selikali!”

Yeye hakujitetea. Alimvalisha yule mama darubini shingoni, akamgeuza taratibu kwa mabega akamwelekeza angani, akasema, “Subiri hapo, mama.” Tukasubiri wote. Baada ya muda kundi likatokea juu ya mlima, ndege wamejipanga katika mzunguko, wanapanda juu, juu, halafu wa kwanza anajiachia kuelekea kusini na wengine nyuma yake. Mama alitazama mpaka shingo ikamuuma. Akashusha darubini akasema, “Tata, hawa ndio wanakula vifalanga vyangu!” Watu wakaangua kicheko na hasira ikaishia hapo. Alimweleza kwamba mwizi wa vifaranga ni mwewe wa hapahapa, hawa wapita njia wanakula panya na panzi. Mama hakuamini hata kidogo, lakini kesho yake alimpelekea mkungu wa ndizi kilimani, na tangu hapo akawa anamwita mwanangu.

Halafu barua ikaja. Ilikuwa katikati ya msimu, wiki zile mbili ambazo ndege wanapita kwa wingi kuliko siku nyingine zote. Uhamisho umekubaliwa, aripoti Singida kabla ya mwisho wa mwezi. Nafasi ilikuwa moja, na kwa kuwa watumishi walikuwa wanapunguzwa kila mahali, barua ilisema wazi kwamba asiporipoti kwa wakati atapewa mwingine. Aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa amekaa. Usiku huohuo akamwandikia mkewe kwamba anakuja. Asubuhi akanigongea.

“Mwalimu, nina ombi moja tu,” alisema. “Nishikie kilima mpaka mvua kubwa zifunge msimu. Miaka hii yote sijaruka msimu. Ukikatika huu, hata ile ya nyuma inapungua maana.” Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Akanifundisha siku mbili, na nilikuwa mwanafunzi mzuri, niliweza kumtofautisha kipanga na tai mdogo bila kubahatisha. Kisha akashuka mjini Tukuyu kukabidhi funguo, mihuri na rejesta ya ofisi wilayani, jambo lililomchukua siku nne, kwa sababu kila aliyepaswa kusaini alikuwa ametoka kidogo. Siku hizo nne kilima kilikuwa changu.

Msomaji, sikupanda. Siku ya kwanza niliamka nikaona ukungu umeziba mlango, na nilikuwa na wanafunzi wa kidato cha nne ninaowafundisha twisheni, mtihani wao ulikuwa umekaribia. Sisi walimu tulikuwa tumeshaambiwa tujitegemee, nasi tukajitegemea kwa kufundisha mchana yale ambayo tulitakiwa kuyafundisha asubuhi. Nilijisemea kwamba kesho nitapanda. Kesho ukungu uleule, wanafunzi walewale. Siku ya nne jioni nilichukua madaftari ya msimu uliopita, nikatazama siku za tarehe hizo, nikapandisha hapa, nikashusha pale ili zisifanane sana, nikaandika. Siku ya tatu niliipa ndege zaidi ya mia nne, maana niliona siku zote nne zikiwa za wastani zitatia mashaka. Hata maharage niliyahamisha kutoka mfuko hadi mfuko, sijui nilikuwa namdanganya nani.

Alirudi kesho yake akiwa amechoka na amefurahi, viatu matope mpaka kifundoni, karatasi zote zimesainiwa. Alikaa barazani akafungua daftari. Nilikuwa nimesimama karibu yake nikisubiri anipongeze, ndivyo nilivyokuwa mjinga. Alisoma ukurasa, akarudi nyuma, akasoma tena. Kisha akaniuliza polepole, bila ukali wowote, “Hawa wa siku ya tatu walipita saa ngapi?” Nikasema kuanzia saa tano. “Walikuja kutoka upande gani?” Nikasema upande wa mlimani, kama kawaida. Akafunga daftari.

“Mwalimu, hawa ndege nilikuwa nao mimi,” alisema. “Siku ya tatu walikuwa kwenye mikaratusi nyuma ya ofisi za wilaya. Wamejaa matawi yote, wamelowa, wameshindwa kuondoka kwa ukungu. Tulikuwa tumekaa wote hapo, wao wanasubiri upepo, mimi nasubiri saini. Hakuna hata mmoja aliyepita.”

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikaanza kubabaika, nikasema nitapanda kuanzia kesho, nitapanda kila siku, nitaacha na twisheni. Na ninaapa nilikuwa nasema kweli, ningepanda. Akanitazama, na lile tazamo ninalo mpaka leo. “Hapana,” alisema. “Sasa hata ukiwaona kweli, mimi sitajua.”

Asubuhi alichukua darubini akapanda mwenyewe. Nilidhani ni hasira ya siku moja. Akapanda kesho yake, na kesho kutwa, wiki nzima, mizigo yake imefungwa kamba chumbani. Nilimfuata kilimani nikambembeleza, mama mwenye nyumba alimgombeza kwa Kinyakyusa na kwa Kiswahili, lakini ilikuwa kama kuongea na jiwe. Ukimwambia habari za Singida alijibu, “Ndege bado.” Mwezi ukaisha. Mvua kubwa zikashuka, msimu ukafungwa, naye akaenda posta kupiga simu. Nafasi ilikuwa imeshapewa mtu. Alirudi akafungua mizigo, akatundika shati jeupe kwenye msumari uleule.

Miezi michache baadaye lilibandikwa tangazo la watumishi waliopunguzwa, na yeye alikuwa miongoni mwao. Sasa kurudi kwao ilikuwa ni kurudi mikono mitupu, mtu aliyekataa kazi na kisha akakosa kazi, na alikuwa mtu wa aibu sana. Akabaki. Mama akampa kipande cha shamba, akawa anatibu ng’ombe wa watu kwa malipo ya maziwa na ndizi, na Oktoba ikifika anapanda kilima. Barua za mkewe ziliacha kuja. Mimi nilihangaika huku na huku mpaka nikaondoka, nikaacha ualimu, nikaingia katika kazi hii ya kalamu, nikawa mtu wa kuwaambia wengine namna ya kuishi. Tuliandikiana salamu za sikukuu. Kilima hatukukitaja hata mara moja.

Mtu anaweza kusema alichagua mwenyewe. Nimejisemea hivyo mara nyingi, hasa nikiwa nimeshiba. Angeweza kuacha msimu ule uharibike, hakuna aliyekuwa anasubiri madaftari yake. Lakini nimekuja kuelewa kwamba hilo ndilo lililomfunga. Zile zama zilitufundisha sote kuuliza kwanza nani analipa, na kisichokuwa na mlipaji tukakitoa kwenye orodha ya kazi. Josho lake lilikufa mikononi mwake na hakuweza kulifanyia kitu. Shule yangu nayo nilikuwa naiua taratibu mchana kwa twisheni, na nilikuwa naiona kama ujanja. Yeye alibakiwa na jambo moja ambalo lilikuwa kweli kutoka mwanzo hadi mwisho, hakuna aliyemkagua, hakuna aliyemlipa, na jambo hilo akanikabidhi mimi. Sikumwibia siku nne tu, nilimwondolea uhakika kwamba anaweza kumwachia mtu kitu akaondoka. Mtu asiye na uhakika huo haondoki mahali, hata mlango ukiwa wazi.

Nilifika Lufingo asubuhi ya mazishi. Kaburi lilichimbwa pembeni ya migomba ya mama, kwaya ya kanisa ikaimba, mvua ikatuheshimu mpaka tulipomaliza. Binti yake alikuwa amesafiri kwa basi kutoka Singida, mwanamke mzima sasa, mrefu kama baba yake. Baada ya kula, watu wakiwa bado wamekaa kwenye mikeka, alinifuata akakaa mbele yangu. “Shikamoo, baba mdogo,” alisema. “Wanasema wewe ulikaa naye nyumba moja. Naomba nikuulize. Mwaka ule aliandika kwamba amepata uhamisho anakuja. Mama akakandika nyumba upya. Tulikwenda stendi siku tatu, mimi nimevaa gauni la Krismasi. Halafu ikaja barua kwamba ana kazi haijaisha. Kazi gani, baba mdogo? Sisi tulijua kwamba josho halina dawa.”

Nilikuwa na uongo wa kutosha, tena mzuri. Ningeweza kusema alikuwa mgonjwa, au wakubwa walimzuia, na angeshukuru. Mama mwenye nyumba alikuwa anatazama, naye hajui lolote kuhusu lile daftari. Nikamweleza yote, ukungu, twisheni, mikaratusi, zile mia nne nilizoziandika jioni moja nikiwa nimekunja miguu kitandani. Alinisikiliza mpaka mwisho akikunja na kukunjua pindo la kanga yake.

“Kwa hiyo hakukuwa na mwanamke?” aliuliza.

“Hakuwepo, mwanangu.”

“Mama amekufa akimjua huyo mwanamke,” alisema. “Alimjua mpaka rangi. Alikuwa anatusimulia namna anavyovaa.” Kisha akasema, bila kunisamehe na bila kunitukana, “Uandike. Wajomba zangu wanasoma gazeti lako, na hawajawahi kulitaja jina la baba bila kutema mate.”

Nilizoea kuamini kwamba uongo wa kazini unamwumiza mwenye kazi, na kazi ikikosa mwenyewe hauumizi mtu. Wewe unayejaza leo fomu ambayo unajua hakuna atakayeisoma, rejesta ya mahudhurio, kipimo cha mvua, orodha ya chanjo, nakuomba uache wazi nafasi ya kitu ambacho hukukiona. Kuna mtu umbali wa mikoa minne amesimama stendi, na humjui.

Nanyi wajomba wa Singida, mwenye kosa ni mimi. Shemeji yenu hakuwa na mwanamke huku.